Majina ya Waliochimba Mfereji

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nikianza bila hiyo ungesema shule imeniharibu kabisa.

Miezi minne imepita tangu tukuzike pale migombani. Mama anakula, ingawa kidogo. Kahawa imechumwa. Na darasa lako la tatu nimepewa mimi. Mchungaji, msimamizi wa shule, alisema ni heshima kwa familia. Nililia, na si kwa furaha.

Unakumbuka ulivyotufundisha? Siku ya kusafisha mfereji, wazazi wakishika majembe, ulituongoza sisi watoto kutoka mashambani hadi kule juu maji yanakochepushwa mtoni. Kila kona ulitusimamisha. "Hapa alichimba nani?" Tukimtaja babu aliyechimba kipande kile, tunasonga. Tukisahau, tunarudi kona ya nyuma. Majina kumi na moja. Hiyo ndiyo ilikuwa jiografia yetu na historia pia, na miguu ilituuma. Kisha tulichora ramani, mlima juu kabisa ya karatasi, maana maji yanatoka huko.

Nikaenda shule ya wasichana, ng'ambo ya mji wa Arusha. Wiki ya kwanza nikachora mlima wetu, Meru, juu kabisa ya karatasi, kama ulivyonizoeza. Mwalimu akalionyesha darasa zima kosa langu: kijijini kwetu mlima uko magharibi, na juu ya ramani ni kaskazini. Walinicheka hadi kengele ikalia. Huko historia ilikuwa wafalme wa Uingereza, na jiografia mito yao. Nilivikariri vyote kwa hasira.

Likizo ile, hasira nikaja kukumwagia wewe. Nilisema, mbele ya Mama, "Baba, umetufundisha upuuzi." Ulimaliza chai yako ukaenda kufungia mbuzi. Laiti ungenizaba kofi.

Sasa sikia nilichokikuta. Katika sanduku lako la vitabu kuna daftari jipya. Mito ya Uingereza, kwa mwandiko wako, umeandika na kufuta, umeandika na kufuta. Ulikuwa unajifunza, Baba, na macho yako yale yaliyokwisha kuchoka. Watoto wanasema mwaka wako wa mwisho hukuwapeleka mferejini hata mara moja. Mito ile wanaijua kwa wimbo. Nikawauliza ni nani waliochimba mfereji unaopita nyuma ya shule. Mmoja akasema ni serikali.

Nikataka kuwatajia. Baada ya jina la saba nikakwama. Mimi, mwanao... Nilisimama mbele yao na chaki mkononi.

Jumamosi nikaenda kwa Shangazi, dada yako. Kakumbuka mawili. Mawili mengine hayajui, wala wazee niliowauliza hawayajui. Ulikaa nasi miaka yote hiyo, na hakuna aliyeyaandika.

Nisamehe. Kaskazini nitawafundisha, maana mkaguzi hana huruma, na sitaki wachekwe kama mimi. Lakini siku ya kusafisha mfereji nitawapeleka, na kila kona nitauliza. Kwenye zile kona mbili nitawaambia ukweli: aliyeyajua majina haya alikuwa mwalimu wenu, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Elinami