Namba Zako Nimeziondoa, Mwalimu

Mwalimu,

Shikamoo. Miezi minne imepita tangu tukuzike kihambani kwako Uru, kati ya kahawa na banda la ng'ombe. Mvua zimekwisha na anga ni safi wiki nzima. Nina habari za kukupa, na si nzuri kwako.

Wale waangalizi wa nyota wa ng'ambo, uliokuwa ukiwatumia namba zetu, waliomba madaftari yaliyobaki. Nikasema niyapitie kwanza, kama ninavyopitia kila kona ya geti kabla mteja hajalichukua. Unanijua. Niliishia kidato cha pili, logi za hesabu nimejifunza kwenye daftari la kuazima, na kazi haitoki kwangu bila kupimwa.

Unakumbuka kanuni yako? Ulinifundisha siku ile niliyokuja kukuchomelea stendi ya darubini nikagoma kuondoka. Kila mtu aangalie peke yake, ailinganishe nyota na jirani zake, aandike namba ya mng'ao kwenye karatasi yake na kuikunja. Ndipo tufungue. "Jicho likishasikia namba ya mwenzako, limekufa." Nilikuamini kuliko baba yangu.

Halafu miaka sita ya mwisho ukaanza: "Ndeshi, taja ya kwako kwanza." Nikadhani ni heshima. Nikadhani sasa nimekuwa mtu.

Zipo jozi 412, yangu na yako, ubavu kwa ubavu: supanova, nyota zilizolipuka, zinazofifia wiki hadi wiki, galaksi baada ya galaksi. Katika jozi zote 412, yako inapishana na yangu kwa sehemu moja ya kumi. Haizidi, haipungui. Juu, chini, juu, chini. Hakuna jicho la binadamu linalokosea kwa zamu, Mwalimu! Ulikuwa huoni. Mtoto wa jicho alishakufunga macho yote mawili, nawe unachungulia kwa madaha, unaguna "mhm, mhm", kisha unaandika ya kwangu ukiitia chumvi.

Ungesema tu. Ningekushika mkono mpaka hospitali mjini, na nani angejua?

Hayo ningeyameza. Januari ile siimezi. Nilikuambia kwenye galaksi ya kusini kuna nyota ambayo jana haikuwepo. Ukainama, ukakawia kuliko siku zote. "Uchafu wa kioo. Futa. Wewe ni fundi wa vyuma." Nikafuta. Nimefuta supanova kwa mkono wangu huu. Siku tatu baadaye watu wa nchi nyingine wakaitangaza. Jumapili, baada ya ibada, ukawaambia wazee wa kanisa kwamba wewe uliiona mapema, ila msaidizi wako alichelewa kutuma taarifa. Wakacheka. "Ndeshi kaunguza nyota!" Mmoja bado ananiita Kaunguza mbele ya wateja.

Wiki iliyopita mkeo, Mama Aika, alikuja karakana na kaka yako mkubwa; walishasikia nilichokikuta madaftarini, wamebeba jani la isale limepigwa fundo. Hata vijana wangu wanaojifanya hawajui mila waliacha nyundo. Ukiletewa isale unasamehe, upende usipende. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema nimemsamehe. Mama Aika akashusha pumzi.

"Basi mwanangu," kaka yako akasema, "namba za marehemu ziache zilivyo. Nyota zitamshtaki nani?"

"Baba, yeye nimemsamehe. Namba hazikuletewa isale."

Mkeo akasimama. "Basi na darubini haitoki nyumbani kwangu."

"Sawa, mama."

Nikaandika ukurasa mmoja wa ukweli wote, nikawatumia wale wa ng'ambo. Nilijua nitakachopoteza. Karatasi zangu uliwashia jiko kila Jumamosi, kwa hiyo namba zangu zimebaki kwa mwandiko wako tu, na hakuna wa kuthibitisha ipi ilikuwa ya nani. Jibu limekuja jana: miaka sita yote imeondolewa. Zako 412. Zangu 412.

Msibani sikulia, wakaniita moyo wa jiwe. Jana nililia, kofia ya kuchomelea ikiwa usoni ili vijana wasione. Nilizililia zile zangu. Halafu nikakulilia na wewe kidogo, na hilo nalo nimekukasirikia.

Nimepata darubini ndogo ya macho mawili kwa mpagazi mmoja wa mlimani. Galaksi zetu za mbali haizifikii. Nyota zinazobadilika mng'ao inaziona vizuri, basi nimeanza na hizo, daftari jipya, namba moja tu kwa kila nyota. Ninaandika kwa wino, na karatasi siwashii moto.

Ulinifundisha kuona, na hilo sitalikana mbele ya mtu. Kaburini sitakuja kwa sasa. Usinisubiri.

Lala, Mwalimu. Ahadi yangu ni moja: siku macho yangu yatakapoingia ukungu, nitaandika tarehe hiyo daftarini kwa mkono wangu, nipige mstari, na chini yake nisiandike namba nyingine hata moja.

Ndeshi