Soli za Mke Wangu Zina Lami

Mpendwa mshauri, mwanangu, naomba msaada, ingawa mimi ni mtu ambaye hajamshuku mkewe hata siku moja katika miaka thelathini na nane ya ndoa. Haya, huo ni uongo, nimemshuku tangu Jumanne ya juzi, na kabla ya hapo nilimshuku kwa mambo madogo madogo tu ya kujifurahisha.

Ilikuwa hivi: tulikwenda ule ukumbi mdogo wa filamu, watazamaji tisa pamoja na sisi, filamu yenyewe hata haijulikani, ya hakimu anayegundua kwamba mkewe amemficha jambo miaka kumi, basi akamfungia mlango, na hapo macho yangu yakapumzika kidogo, kuzinduka naona taa zimewaka na mama watoto analia, ananiambia, "Yule mwanamke hana kosa." Hana kosa? Sasa mtu anayemtetea mficha siri, yeye anaficha nini? Shule niliishia darasa la nne, lakini mimi ni fundi viatu, soli naisoma kama gazeti, na wiki hii soli zake zimegandwa na lami mbichi mara mbili, na lami mbichi iko barabara ya ukumbi peke yake, na mimi ananiambia alikuwa sokoni. Nimewaita shemeji zangu Jumamosi waje wamchukue dada yao. Siku ile nilipokushonea kamba ya mkoba ulisema nikiwa na shida nikuone: basi niambie tu ile filamu iliishaje, maana yeye siwezi kumuuliza.

Fundi Viatu

Mzee wangu,

Pole, ila pole yangu ni ndogo. Umekalia kiti cha hakimu na kesi yenyewe uliilala. Nimempigia mwenye ukumbi. Mkeo alirudi mara mbili, peke yake, kwa sababu siku ya kwanza ulikoroma mpaka nusu ya maneno hayakusikika. Alimwomba, "Usije ukamwambia, atajiona amezeeka." Hiyo ndiyo siri yako.

Kwa nini alilia mara zote tatu, mwenye ukumbi hajui, na mimi sijui.

Leo hii wapigie shemeji zako, wabaki kwao. Itoe hiyo lami kwa mafuta ya taa, mpelekee viatu vyake mwenyewe, kaa chini, umuulize. Akianza kujibu, usisinzie.

Kamba ya mkoba bado imara, na fadhila sijaisahau. Filamu nimeiona, mwisho wake naujua, na sikuambii. Unaishi na mtu aliyeuona mara tatu.