Kidoti Ameamka Stoo

Njiro, Arusha
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, ila mkono wangu umekataa kuanza bila shikamoo. Nimeapa kukueleza yote, hata la aibu, kwa hiyo nivumilie.

Tangu tukuzike kule Momela, seva yako, ile kompyuta kubwa, ilikaa kimya stoo, imefunikwa kitenge cha zamani cha Mama. Sikuweza kuigusa. Kisha Mama akasema Bibi anahamia kwetu awe karibu na kliniki, na stoo ndiyo itakuwa chumba chake. "Hilo dude kama haliwaki mpaka Bibi aje, linaondoka." Hakusema kwa ukali, Baba. Nadhani naye linamuumiza kulitazama.

Nikaifungua kama ulivyonifundisha. Nikachomoa waya wa umeme kwanza, nikapuliza vumbi, nikarudisha kila kipande mahali pake mpaka kikalia. Nikachomeka waya tena, nikabonyeza swichi. Feni zikanguruma, na machozi yakanitoka, maana huo ndio mlio niliokuwa nikilala nao ulipokuwa hai.

Kwenye skrini yakatokea majina matatu: Malkia, Shukuru, Kidoti. Kompyuta tatu ndani ya kompyuta moja, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Bado sijaacha kushangaa. Unakumbuka nilipokuuliza kwa nini hukuzipa namba tu? Ulicheka. "Wataalamu wanasema zichukuliwe kama ng'ombe: namba, na ikifa lete nyingine. Hao hawajafuga, mwanangu. Kwetu ng'ombe ana jina."

Sasa la aibu. Kidoti, ile inayotunza masomo ninayosoma na wenzangu wa jirani, ilikuwa imekwama. Nilitaka kuizima niiwashe upya. Badala yake nikaifuta. Nilisoma haraka, nikakubali, ikapotea. Nilipiga kelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

"Umepigwa na umeme?"

"Nimemuua Kidoti."

Akakaa palepale sakafuni, tukalia wote wawili, na sidhani kama tulikuwa tunamlilia Kidoti.

Ndipo nikakumbuka neno lako: "Usiogope kuvunja. Ogopa kujenga bila kuandika." Maagizo yote ya kumjenga Kidoti upya uliyaacha ndani ya seva yenyewe. Nikaamuru yaanze, nikaondoa mikono kwenye kibodi. Baba, mistari ikaanza kupanda yenyewe! Ikatenga nafasi kwenye diski, ikaweka programu, ikaita masomo kutoka diski ya akiba, ikampa jina lake. Hakuna aliyegusa kitu. Ulikuwa kazini wewe, nami nimekunja mikono kama niko kanisani. Mama akanong'ona, "Huyu mtu bado anafanya kazi?" Mstari wa mwisho ukawa wa kijani: Kidoti yuko tayari.

Bibi alifika jana, amejifunga mashuka mawili kwa baridi hii ya Juni. Akaisogelea seva kabla hata ya chai. "Hii nayo inakula nini?" Nikamwambia inakula umeme, nikamsomea majina. Akanishika mkono.

"Kidoti? Si ndiye ng'ombe aliyeanguka bondeni? Baba yako siku hiyo aligoma kula, kijana mzima na ndevu zimeanza kuota!"

Kumbe, Baba! Hukuwahi kuniambia. Akacheka, akafuta macho, akamgeukia Mama: "Ng'ombe hawafukuzwi kwa sababu mgeni kaja. Mnipe kitanda humuhumu, nilale nao. Na joto wanalo." Mama alikikunja kile kitenge, akamwekea Bibi magotini.

Pumzika, Baba. Naahidi kuandika kila nitakachojenga, ili atakayenifuata aweze kukiinua hata nisipokuwepo. Na lile wingu la kompyuta ulilosema tutakuwa nalo letu, dogo, la hapa Njiro, nitaliendeleza. Ni mimi mwanao, Upendo.

Ila nina swali moja, na naomba unijibu upesi, kwa njia yoyote mliyo nayo huko. Kidoti amerudi na jina lake, kazi yake na masomo yake yote, lakini saa yake imeanza kuhesabu uhai upya, kama mtoto aliyezaliwa leo. Wewe uliko sasa unajua mambo haya kuliko mimi. Je, Baba, ni yuleyule?