Kadi za Kambi ya Reli

Uyole, 9 Machi 1974

Dada Jaha,

Shikamoo. Huku mvua ni nyingi, viazi vimestawi. Mama miguu imemvimba zaidi, na pumzi zinambana.

Kambini kwa Wachina wa reli kazi yangu ni kujaza kadi: mgonjwa ana dalili gani, kapewa mitishamba gani. Jana nilizipekua zote, nikapata watu kumi na mmoja wenye dalili kama za Mama. Wote walipewa mzizi uleule. Nikamkimbilia daktari wa kambi kwa furaha, nikidhani ndio uliowaponya.

Akazisoma, akasema taratibu, “Mrisho, huu ni wa kupunguza maumivu tu. Hawa wote walikufa.”

Mama aliponiuliza kama dawa imepatikana, nilimjibu ndiyo. Nimemchemshia mzizi, anakunywa na kumshukuru Mungu. Njoo upesi, dada. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Mrisho