Aliyechoka Hatembei Mwisho

Kaka Elia,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kunikatisha: najua walikuteremsha mlimani peke yako, ukiwa mgonjwa. Mama hajui. Mama anaamini ulikata roho mikononi mwa wenzako, wakikuombea.

Nililijua sebuleni kwetu, siku chache baada ya kukuzika kihambani, kwenye migomba yetu. Bosi wako alimleta yule mama mzungu mliyekuwa mnampandisha, aje kutoa pole. Mimi nilikuwa namimina chai. Yule mama akaanza kulia, akasema, "He had already been coughing at the first camp." Na unajua kitu cha kwanza nilichowaza ni nini? Kwamba "already" imekaa mahali pake. Nilijichukia, Elia. Mtu anasema ulishaanza kukohoa tangu kambi ya kwanza, mimi nakagua sarufi!

Kosa ni lako. Wewe ndiye uliyenitia hilo somo kichwani, siku niliyorudi nimenuna kwa sababu nilikuwa nimeandika "I have seen never" na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima. Walicheka mpaka nikaapa sifungui mdomo tena. Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe. Ukachomeka panga lako ardhini, ukasema, "We bubu, sikiliza. Ni kama kupanda mlima. Kitenzi kisaidizi mbele, kitenzi kikuu nyuma, halafu kile kineno, never, always, already, kinakaa katikati kama mgeni aliyechoka. Wasaidizi wakiwa wawili, kinamfuata yule wa kwanza. Aliyechoka hatembei mwisho. Wala haachwi peke yake." Halafu ukacheka: "Tena kwa Kiingereza msaidizi ndiye anayetangulia! Mimi msaidizi wa mlimani kila siku nakula vumbi nyuma."

Haachwi peke yake. Ulisema wewe, kwa mdomo wako.

Yule mama akaendelea: "They should never have sent him down alone." Hawakupaswa kamwe kukuteremsha peke yako. Kila neno nililisikia. Bosi wako akakohoa kidogo, akamgeukia Mama: "Anasema Elia alikuwa kijana wa watu, Mama. Amefia kazi aliyoipenda." Bila aibu! Na Mama, Mama yetu, akamshika yule mzungu mkono, akasema, "Mwambie asante, Mungu ambariki." Mzungu akanitazama mimi. Nikaenda jikoni kuongeza maziwa ambayo hayakuhitajika.

Ndiyo. Nilinyamaza. Lakini usidhani nina hasira na nafsi yangu tu. Na wewe pia! Ulikuwa unakohoa hata kabla ya kwenda, nilikusikia kupitia ukuta. Nikakuambia usiende, ukasema ukikataa safari moja hawakuiti tena. Haya, sasa wamekuita? Mwingine amevaa buti zako, nimemwona sokoni Kwa Sadala. Ng'ombe anakulilia asubuhi, mimi sijui namna ya kumbembeleza. Mama bado anapika mtori wa watu watatu, tunaumwaga. Umenifundisha maneno yote ya Kiingereza yanakaa wapi, ila hukunifundisha kuyatoa mdomoni.

Sasa sikia kilichoniketisha hapa kuandika. Bosi wako ametuma mtu: Jumamosi anakuja na jani la isale, kumwomba Mama msamaha "kwa yote yaliyotokea". Yote! Hataki hata kuyataja. Na unamjua Mama, hajawahi kumrudisha mtu aliyekuja na isale mkononi. Akishalipokea jani lile, jambo limeisha, hakuna wa kulifufua. Atakuwa amesamehe kitu asichokijua. Na mimi nitabaki nacho kifuani mpaka nizeeke.

Sitaki. Kama anataka kusamehe, asamehe akijua.

Nasikia malapa ya Mama uani. Amerudi sokoni, anatua kikapu cha ndizi. Kila ninapokuandikia, akifika hivi naisukuma karatasi chini ya godoro. Leo imebaki mezani, na mkono wangu naendelea kuuandikisha tu ili usinisaliti.

Lala salama, kaka yangu, hapo chini ya migomba. Nakuahidi: Mama hatalipokea lile jani akiwa gizani. Jumamosi nitakaa ubavuni pake, na bosi wako akitafsiri uongo tena nitamsahihisha, kwa lugha zote mbili, hata kama sauti itatetemeka.

Anakuja kwenye mlango wangu. Amenusa kwamba sijawasha moto, ataanza na hilo. Mimi nitaanza na kikohozi chako.

Mdogo wako,
Bubu