Dawa ya Watoto

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeosha nywele kabla ya kufungua duka. Kitana kimevunjika jino jingine. Nimepaka mafuta ya nazi, nikachambua kwa vidole fungu baada ya fungu, mkono ukafa ganzi. Wachimbaji wamekuja kununua glavu na tochi wakanikuta nusu ya kichwa imelala, nusu imesimama. Wamecheka. Wacheke.

Harusi ni tarehe 22. Shela yangu ina kitana kinachotaka nywele zilizotulia. Zangu hazitulii. Nataka zilegee tu, siyo ziwe za mtu mwingine.

Alhamisi, 6 Agosti

Masanja ameziita kipilipili. Mchumba wangu mwenyewe, mbele ya wachimbaji wenzake anaoshuka nao duarani, kwenye shimo la machimbo. "Bibi harusi ninaye, ila kichwani pilipili tupu." Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Anajua, au kasahau. Nilinyoa upara tulipomzika mama, kama tunavyonyoa wafiwa kwetu. Kabla ya hapo zilikuwa za dawa. Zilinyooka, ndiyo, na kila nikichana zikabaki kwenye kitana. Nyuma ya sikio nina kovu la dawa hiyo mpaka leo. Kila unywele nilionao sasa umeota baada ya mama. Sizipeleki tena kwenye dawa. Nimesema.

Jumapili, 9 Agosti

Shangazi amefika kutoka Ibadakuli. Nimempa shikamoo, kabla ya marahaba mkono wake ulishafika kichwani kwangu. "Kabula, utaingia kanisani na kiota?"

Ameshaniwekea nafasi saluni bila kuniuliza. Nimesema sitaki dawa. Kasema siyo dawa, ni kitu cha kulegeza tu. Nimeuliza kitu gani. Kasema nina mdomo. Tangu mama afariki yeye ndiye mama yangu, na mama habishiwi. Mwishoni nimekubali kuoshwa na kukaushwa, basi. Nimekubali kwa kuchoka.

Jumatano, 12 Agosti

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Saluni. Nimemwambia yule dada, sitaki dawa. "Sawa, dada yangu." Kaniinamisha, kapaka kitu cha baridi kisogoni. Harufu ile! Inapanda puani kama choo cha stendi. Nikauliza, nini hii? Kajibu bila wasiwasi wowote: "Usiogope, ni dawa ya watoto." Shangazi pale kwenye benchi akaitikia kwa kichwa. Alijua tangu mwanzo.

Dawa ya watoto! Mji mzima wanaamini hivyo. Kopo likishawekwa picha ya mtoto anayecheka, wanadhani ndani kuna uji. Ndani kuna dawa ileile. Cha mtoto ni picha tu.

Nimeinuka na taulo shingoni, nikaenda kuinamia bomba la nje, vijana wa bodaboda wanaangalia. Nimesuuza mpaka utelezi ukaisha. Shangazi kasema namwaibisha. Nikamwambia, watu wakisikia, kwamba mama asingenishika kichwa kwa hila. Sijutii.

Ijumaa, 14 Agosti

Kisogoni zinakatika. Pana kipara cha ukubwa wa kizibo cha soda. Nimelia dukani, nyuma ya mabuti. Siyo huzuni, hasira.

Shangazi hajaomba radhi. Kapika mlenda ninaoupenda, kauweka mezani, katoka. Nimeula. Hasira iko palepale.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimekaa nikafikiri, maana siku haziningoji.

Pasi ya moto: zinanyooka, lakini zinaungua ncha, na jasho likinitoka kanisani zinarudi kama zilivyokuwa. Draya: afadhali, ila kisogo changu hakitaki joto tena. Jana nilipaka ute wa mlenda. Kitana kilipita bila vita. Zilipokauka, zikajikunja upya.

Umebaki uzi. Uzi mweusi, kama mama alivyotufanyia tukiwa wadogo. Unagawa fungu likiwa na unyevu kidogo, unalizungushia uzi kutoka shinani hadi nchani, unaliacha likauke, unafungua. Hazinyooki, zinalegea. Ukiosha, zinarudi kuwa zako.

Nimejaribu mbele. Vizuri sana. Kisogoni mikono yangu haifiki vizuri, na ndiko kunakotaka mkono mwepesi. Shangazi simpi.

Alhamisi, 20 Agosti

Masanja amekuja jioni. Nimemtolea yote: kipilipili, mama, kovu, bomba la nje. Sikumbakizia kitu. Kasikiliza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hajajitetea. Kauliza tu, sasa nani atafunga huko nyuma?

Kisha katoa mfukoni uzi wa nailoni, ule wa kushonea viroba vya mawe. Nikamwambia kichwa changu siyo kiroba. Nikampa wangu.

Lazima niandike ukweli. Mwaka mzima anashona viroba duarani, na anajua kwamba uzi ukivutwa sana kiroba kinachanika, ukilegezwa mawe yanamwagika. Kanifunga kichwa chote bila kuniumiza hata mara moja. Penye kipara kapita pembeni. Alipomaliza kasema, "Nisamehe kwa lile neno." Nimemwambia bado nimekasirika. Kasema anaona.

Jumamosi, 22 Agosti

Asubuhi. Nyumba imejaa ndugu, lakini chumbani tuko wawili.

Shangazi kaingia na chai. Kaniangalia na nyuzi zangu. Kasema, "Mama yako alikuwa akifunga hivi hivi," halafu akakaa kitandani nyuma yangu. Nilidhani ataanza kuvuta. Mikono yake ikabaki mapajani.

"Nifungue?" kauliza.

Hajawahi kuniuliza kitu juu ya kichwa changu.

Nimeinamisha shingo. Kaanza kisogoni, polepole.