Mama mkwe na picha ya mto

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu nimemdanganya mtu anayenipenda. Mimi naishi Uthiru na nina mapenzi ya kukusanya picha za mito, zile za karne ya kumi na tisa zilizochapwa Ulaya kwa bamba la shaba, nilianza na moja niliyoipata kwa muuza vitabu vikuukuu pale Ngara na sasa nina sanduku zima, ingawa mume wangu Bramwel huzitazama kwa adabu tu kisha anarudi kwa mpira wake. Mamake alipokuja kutoka Busia kutibiwa miguu alifungua sanduku akachagua picha ya wanawake wakifua mtoni, ile adimu kuliko zote, akaigongomea kwa msumari ukutani juu ya kitanda chake, akasema huo ni mto wao kabisa, na sina moyo wa kumwambia ni mto wa Ufaransa. Sasa mzee Ndegwa wa Hurlingham, mkusanyaji mwenzangu, anataka nimpe hiyo anipe mbili nilizotafuta miaka mingi, basi mama alipoenda kliniki nikaitoa nikaificha. Aliporudi aliketi akautazama ukuta, na tulipomaliza kula akaniuliza polepole, “Joyline, mto wetu umekauka?” Nikamwambia nimeipeleka kwa fundi iwekewe kioo. Akanishukuru, akaniombea baraka, na tangu hapo sina amani. Ndegwa anasubiri jibu. Nifanye nini?

Joyline, Uthiru

Joyline, pole, lakini pia jionee haya kidogo. Msumari kwenye karatasi ya kale unauma, hata mimi nimekunja uso. Ila huyo mama hakukuibia. Katika sanduku zima jicho lake liliangukia ileile unayoithamini wewe, na miaka hii yote umekuwa ukitafuta mtu wa kuzitazama pamoja naye.

Mpigie Ndegwa leo umwambie hapana, kwa heshima, bila hadithi ndefu. Kisha peleka picha kwa fundi wa fremu kweli, irudi juu ya kitanda chake, mbali na jua la dirisha. Habari ya Ufaransa utamwambia, lakini kwanza akusimulie mto wake mpaka amalize, usimkatize. Nadhani atacheka tu. Wanawake waliofua mtoni wanajuana popote walipo.

Akitaka kurudi nayo Busia, mfungie vizuri uende naye. Na Jumamosi hii Bramwel apike, nyinyi wawili mkae kitandani mtazame zilizobaki.